Niambie Maji Kwanza

Kaunta ya vifaa vya uvuvi, bonde la mto Tallis,
kaskazini-magharibi mwa Kanada, Oktoba

Hiyo fimbo ya dola mia nne irudishe ukutani.
Najua inang'aa. Imetengenezwa ing'ae,
na wewe, Tobin, ndiye samaki wake wa kwanza.

Wanasema mchagua jembe si mkulima.
Sawa. Lakini aliyesema hivyo
hakusimama mtoni mwezi huu, maji yakimfika pajani,
vidole vimekufa ganzi,
akafungua kisanduku akakuta vyelezo ishirini,
vyote vya maji ya jana.

Basi niambie maji.
Umepita daraja la reli asubuhi?
Ni chai ya rangi au chai ya maziwa?
Ukisimama yakifika magotini, viatu vyako unaviona?
Huvioni.
Vizuri. Sasa tumeanza kununua.

Shika hiki. Balsa, kinene begani, gramu kumi na tano,
kichwa chekundu utakachokiona hata machozi yakikutoka kwa baridi.
Kile chembamba cha unyoya wa tausi ni cha kiangazi,
cha trauti wa dimbwi tulivu
anayeonja chambo kama mama mkwe anavyoonja mchuzi.
Samoni anayepanda sasa haonji.
Hana njaa, ana hasira.
Mpitishie kitu puani; asipokipisha, atakiuma.

Fimbo ni hii ya kijivu. Futi kumi na tatu, imetumika.
Urefu si wa majivuno. Ni wa kuinua uzi
usilale juu ya maji,
maana ukilala mkondo unaupinda tumbo,
chelezo kinaburutwa kama mbuzi wa mnadani,
na hakuna samaki aliyewahi kuona yai
likiushinda mto mbio.

Gurudumu halina breki.
Breki ni kidole gumba chako.
Ndiyo, litakichuna. Ngozi huota.

Uzi wa chini uwe dhaifu kuliko wa juu.
Usinitolee macho.
Mwamba ukishika, na ukatike huko chini,
upoteze ndoano ya senti arobaini, chelezo kikurudie.
Marehemu Orest alifunga unene mmoja juu hadi chini
miaka kumi na mmoja, hasikii la mtu.
Vyelezo vyake nadhani viko Japani.

Chubwi usizirundike.
Kubwa karibu na chelezo, kisha zipungue, zipungue,
kama watoto kwenye picha ya familia,
na kitindamimba, punje ya mtama tu,
akae shibiri mbili juu ya ndoano.
Ndoano isiyo na kijino. Ni sheria,
na siku itakapokuingia sikioni utaisifu serikali.

Kina?
Kina siuzi.
Unapandisha chelezo shibiri moja kwenye uzi, unatupa.
Unapandisha tena, unatupa.
Kichwa kikianza kuinamia kule maji yaendako,
unaburuta mawe; punguza kidogo.
Unaweza kushinda kutwa
shibiri moja tu juu ya samaki
na asiwepo wa kukuambia.

Jumla themanini na sita.
Dale akitoka benki ataona alama za vidole
kwenye ile ya mia nne, atauliza nani aliishika
na kwa nini aliiachia.
Huyo niachie mimi, nilimbadilisha nepi.

Mayai ya chambo yako kwenye friji,
chupa ya kushoto, nyuma ya maziwa yangu.
Ya kushoto, nimesema.
Wiki jana daktari wa meno aliondoka na jemu yangu,
akaivulia siku nzima pale chini ya daraja.
Anaapa chelezo kilizama mara mbili.